Dada Yetu na Kuvu Iliyong'aa Kijani

Kati yenu nyote mliokuja kumzika dada yetu leo, nani ameshawahi kuona njiwa anayewaka kijani? Sioni mkono. Basi lishikeni swali hilo mpaka nifike kwenye ugonjwa, maana historia ya marehemu ina mpangilio wake na mama ameniagiza niufuate, kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa, kifo na shukrani, ameniagiza pia niseme ukweli na nisimtukane mtu, la kwanza nitalitimiza lote, la pili nitajitahidi.

Aliyepaswa kusimama hapa ni mjomba, lakini sauti imemkauka tangu Jumanne, kikao cha familia kikakaa kikaamua nisome mimi kitinda mimba, kwa hoja ambayo nainukuu kama shangazi alivyoitoa mbele ya wakwe, "Huyu ana digrii na hana kazi, muda anao." Asante, shangazi. Na mjue mapema kwa nini sitafupisha: kesho kutwa, Jumatatu asubuhi, binti aliyeachiwa meza ya dada yetu kazini anatakiwa aingie chumba kilekile, akae kiti kilekile, avute hewa ileile, na mimi nataka tukitoka hapa pasiwe na chumba cha yeye kuingia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1984, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu baba, aliyekuwa mpiga chapa, na mama, mshonaji wa sare za shule, ambaye mnamwona pale amekaa wima kama vile akiinama kidogo tu kila kitu kitamwagika. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye pumu tangu utotoni, mdomo mrefu na maswali yasiyo na adabu, na akiwa na miaka tisa alichukua vipande vya mkate, akamwomba kila mtu nyumbani apumulie kipande kimoja, akavifunga kwenye mifuko ya nailoni, akaandika majina, akavificha uvunguni mwa kitanda ili aone mdomo wa nani una uchafu zaidi. Mkate wa bibi ndio uliota manyoya ya kwanza, ya buluu, mazuri kabisa, na dada akautembeza mtaa mzima akitangaza matokeo, bibi hakumsemesha mpaka shule zilipofunguliwa, na mama alipotaka kuvitupa vile vipande alilia, "Mama usitupe, bado havijamaliza kusema!"

Alianza shule ya msingi mwaka 1991, ile iliyo mkabala na kiwanda cha magodoro, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1998, ambako alirudishwa nyumbani mara moja kwa kosa la kufuga ukungu ndani ya sanduku la nguo, akaingia chuo kikuu mwaka 2004 kusomea baiolojia, akapata shahada ya uzamili mwaka 2010, kisha ya uzamivu mwaka 2015 ng'ambo, ambako alipigwa na baridi, akapigwa na upweke, na akatuandikia kwamba amempata mpenzi mwenye koti nene asiyesema kitu, mama akaanza kuulizia ukoo wake, kumbe anazungumzia kuvu.

Kuvu hiyo, ndugu waombolezaji, niieleze kwa maneno aliyonielezea mimi nisiyejua kitu, kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa tunachozika leo. Ni jamii ya hamira, kama ile ya mkate, ila hii ni ya porini, hukaa kwenye miti, kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa, huvaa koti la utelezi mwili mzima, na mtu mwenye kinga dhaifu akiivuta hushuka mapafuni, ikitoka hapo hupanda ubongoni, na huua. Dada alitaka kujua koti lile linashonwaje, kwa sababu kuvu bila koti ni kama mwizi bila kificho, mwili unamkamata hapohapo. Alisema ndani ya kuvu kuna maelfu ya protini, kila moja ni kibarua mwenye kazi yake, ukitaka kujua kibarua fulani anafanya nini unamfukuza, yaani unaing'oa jeni yake, halafu unatazama nini kimesimama. Nikamuuliza, na mimi je? Akacheka mpaka akatafuta dawa yake ya kuvuta, akasema, "Wewe mdogo wangu ni kibarua aliyefukuzwa, na mpaka leo hatujaona kilichosimama."

Tatizo lake lilikuwa kwamba kuna vibarua ambao ukiwafukuza kiwanda chote kinakufa, na kiwanda kilichokufa hakikufundishi kitu, ndipo dada akatengeneza swichi, akaipachika mbele ya jeni ya protini moja aliyoishuku kwa miaka mingi, ukitia dawa fulani kwenye chakula cha kuvu protini ile inaacha kutengenezwa, ukiiondoa inarudi, unawasha na kuzima kama taa ya sebuleni. Halafu akaongeza la pili, akaunganisha kwenye protini ileile kipande cha jeni kilichotoka kwa kiumbe wa baharini, kinachoifanya ing'ae kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu, ili aone kibarua wake anasimama wapi saa za kazi. Anasimama ukingoni. Kila chembe ya kuvu ya dada, ukiitazama kwenye hadubini yenye taa hiyo, ilikuwa pete ya kijani kwenye giza, na picha ya pete hizo aliiweka kwenye uso wa simu yake, mahali ambapo wengine wanaweka watoto, shemeji akalalamika, akaambiwa, "Nyie nawaona kila siku, hawa nimewasubiri miaka saba."

Kazi aliianza tarehe 1 Februari 2016 katika taasisi ambayo wakubwa wake wamekaa hapa mbele, safu ya pili, karibuni sana, poleni na jua. Alianza kama mtafiti msaidizi, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha kuvu, kitengo chenye vyumba viwili mwisho wa korido, cha kwanza cha majokofu na makabrasha, cha pili hakina dirisha, na humo ndimo lilimo kabati la usalama, kabati la chuma lenye kioo mbele ambamo unaingiza mikono tu, na feni iliyo juu yake inavuta hewa isije usoni kwako, inaipitisha kwenye chujio. Uhai wa anayefanya kazi pale unategemea feni hiyo, sisemi mimi, alisema dada, na aliwasemea wanafunzi wake wote, wengine wako hapa wanatikisa vichwa.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 17 Desemba 2016, na shemeji yetu, fundi wa majokofu, aliyeitwa taasisi siku jokofu kubwa la vimelea lilipokata pumzi, akamkuta dada amekaa sakafuni amekumbatia sanduku la barafu, akamwambia, "Dada samahani, naomba upishe," akajibiwa, "Wewe tengeneza, mimi siondoki, humu mna ukoo wangu wote." Alitengeneza hadi usiku ukaingia, akakataa malipo ya ziada, akarudi wiki iliyofuata kuangalia kama jokofu linaendelea vizuri, na wiki iliyofuata tena, jokofu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa Novemba 2017 na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa Mei 2020, nao wako kwa jirani sasa hivi, kwa sababu mama yao aliwafundisha kuuliza maswali na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu asubuhi hii.

Sasa ugonjwa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, na mkurugenzi naomba usitazame simu.

Mwezi Juni mwaka huu feni ya lile kabati ilianza kuchoka, na king'ora chake kikaanza kulia, kwa sababu kimewekwa kwa kazi hiyo, hewa ikipungua kinalia hadi mtu atengeneze. Dada alifunga kazi siku hiyohiyo, akabandika karatasi mlangoni kwamba mtu asiingie, akaenda kwa mkurugenzi akamwambia kwamba yeye kwa sababu ya pumu anameza vidonge vinavyoshusha kinga ya mwili, hawezi kukaa na kuvu ile bila feni hata kwa dakika. Akajibiwa kwamba wafadhili wanakuja kabla ya mwezi kwisha na kazi haiwezi kusimama. Shemeji akajitolea kubadilisha feni bure, siku ya mapumziko, wakaguzi waje wapime baadaye, akajibiwa kwamba mtu wa nje hagusi kifaa cha mfadhili, kuna process. Sawa, process. Jumatatu iliyofuata dada alifika akakuta karatasi yake imebanduliwa na king'ora kimenyamaza, mkurugenzi akapita koridoni akamwambia kwa bashasha, "Mama kuvu, mambo safi, fundi alikuja wikiendi." Dada yetu, aliyekuwa hamwamini mtu yeyote bila kipimo, aliyetilia shaka hadi mdomo wa bibi yake mzazi, aliusikia ukimya ule akauamini, kwa sababu miaka tisa yote aliyofanya kazi pale, king'ora kikinyamaza maana yake hewa iko sawa. Akavaa koti lake akaingia.

Kazi aliyoirudia ilikuwa ya kuzioanisha kuvu zake, na hizo zikishaoana hutoa mbegu nyepesi kuliko vumbi la chaki, wafadhili wakaja mwisho wa Juni, wakaonyeshwa pete za kijani, wakapiga makofi, picha zikapigwa, naye akaendelea kuzikusanya mbegu hizo Julai yote na nusu ya Agosti.

Mwishoni mwa Agosti akaanza kukohoa, yeye mwenyewe akasema ni pumu, madaktari wakasema ni pumu, wakampandishia vile vidonge, na vidonge vile vinafungua mlango zaidi, lakini nani angejua. Tarehe 18 Septemba alilazwa, kichwa kinamuuma mpaka anashindwa kutazama mwanga, na daktari mmoja kijana pale wodini, ambaye chuoni aliwahi kuwa mwanafunzi wake, akashuku, akaipigia taasisi akauliza kitu kimoja tu, je, kuna uwezekano mwalimu wangu amevuta vimelea kazini? Jibu alilopewa na mkurugenzi ni kwamba hakuna, vifaa vyote ni vizima, lakini darini pale kuna njiwa wengi na marehemu, samahani, mgonjwa, alipenda kula chakula chake cha mchana uani. Njiwa. Kwa kuwa njiwa wako kila paa la mji, jibu hilo liliwaondoa shaka, wakaendelea kutibu mapafu kama mapafu ya mtu yeyote, na walipokuja kuvuta maji ya uti wa mgongo wakaikuta hamira yenye koti, walianza dawa yake saa hiyohiyo, ila dada alikuwa ameshaacha kututambua, alimwita mama "muuguzi", akamshukuru kwa kumshika mkono. Alifariki Jumanne tarehe 7 Oktoba, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Jumatano yule daktari alitupigia mimi na shemeji, akasema hajalala, akasema njooni. Alikuwa amechukua tone lililobaki la yale maji ya mgongo, akalipeleka chuoni kwenye hadubini yenye mwanga wa buluu, akatuambia, "Kaka, sitaki niwaambie kitu, tazameni wenyewe." Shemeji alitazama akarudi nyuma hadi akagonga ukuta. Nikatazama mimi. Ndugu zangu, ilikuwa ile picha ya kwenye simu. Giza, na pete za kijani, pete nyingi, zimetulia. Nilikodoa macho nikawa nasubiri ziwe kitu kingine. Kuvu ya porini haina kipande kile cha jeni, haing'ai hivyo, haijawahi, hakuna njiwa wala mti wenye kuvu ya namna hiyo duniani ila kwenye masahani ya kuoteshea kuvu ya chumba kile kisicho na dirisha, aliyeiwashia taa ile ni yeye, kwa mikono yake, na ilikuwa imetoka kichwani mwake. Yule daktari akasema polepole kwamba ile ina swichi, na kinachoizima maabarani ni kidonge cha kawaida, kila duka la dawa kipo. "Sisemi kingemponya," akasema, "mwilini si kwenye sahani. Nasema ningeambiwa kweli, ningetafuta kuvu siku ya kwanza, nisingempandishia vile vidonge, na kile kingine ningethubutu kujaribu." Halafu akakaa sakafuni, daktari na koti lake jeupe, akalia kama mtoto.

Alhamisi tulikwenda taasisi kuchukua vitu vya dada, kikombe, viatu vya akiba, sweta. Shemeji alivaa barakoa, akaniambia nibaki koridoni, na kwa mazoea ya ufundi wake akafungua kifuniko cha juu cha lile kabati. Feni ilikuwa ileile, vumbi lake lilelile, haizunguki. Waya wa king'ora umekatwa, ncha zake zimefungwa kwa utepe mweusi, vizuri, kwa adabu, kazi ya mtu aliyetulia. Akararua kipande cha tishu akakining'iniza kwenye mdomo wa kabati, mahali ambapo hewa inatakiwa ikivute ndani, akaniita nitazame kwa kioo cha mlangoni. Hakikucheza. Kilining'inia kama kilivyo. Aliyekuwa amesimama nami koridoni ni yule binti wa meza ya dada, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimeambiwa Jumatatu niendelee na masahani yake."

Mkurugenzi akatokea. Nayasema aliyoyasema, kwa sababu alitamka mbele ya watu watatu, na mama amesema niseme ukweli. Alisema, "Vijana, poleni, lakini hili ni eneo lenye vikwazo." Shemeji akamwonyesha waya. Akajibu, "Ile kelele ilikuwa inasumbua, tulikuwa na wageni, feni ipo kwenye bajeti ya robo ijayo." Nikamwambia mzee, maji ya mgongo wa dada yanang'aa. Akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akasema, "Kijana, wewe si ulisomea takwimu? Haya mambo ya jeni usiyaingilie, na njiwa ni hatari kuliko unavyodhani." Kisha akafunga chumba, akatia ufunguo mfukoni, akamgeukia yule binti, akamwambia Jumatatu kazi ipo kama kawaida, mkataba wake unaisha Desemba, aangalie. Seriously, ndugu zangu, feni ingetengenezwa na mume wa mtu, bure, Jumamosi moja, na waliona rahisi zaidi kukata kinacholia.

Sijatukana, mama. Nimesoma tu.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa daktari wetu kijana, ambaye leo yuko zamu na ameshindwa kufika, kwa wauguzi wa wodi ya mapafu waliomsuka nywele dada alipokuwa hajui ni nani anayesukwa, kwa majirani waliobeba watoto, viti na masufuria bila kuitwa, kwa mwenye nyumba wa kando aliyetufungulia uwanja wake, kwa wanafunzi wa dada, kwa wafanyakazi wenzake wa vyumba vile viwili, ninyi mliompenda na ninyi mnaoogopa kunitazama sasa hivi, nawaelewa, kazi ni ngumu kupata, hilo msinifundishe. Ambao sijawataja msinune, karatasi ni ndogo.

Dada, ulihangaika na pumzi tangu utoto, sasa hakuna anayekudai pumzi tena, tulia, lala unavyotaka, amani yote iwe yako.

Na wewe mkurugenzi, safu ya pili, suti ya kijivu, familia hii haikuombi rambirambi na bahasha yako tumeirudisha kwa dereva. Simama hapo ulipo. Tunataka chumba kile kisifunguliwe Jumatatu wala siku nyingine yoyote mpaka wakaguzi wasiokula mshahara wako waingie waukute waya kama ulivyo, tunataka kila aliyefanya kazi humo tangu Juni apelekwe kupimwa mapafu, akianza huyu binti aliyekaa nyuma karibu na maturubai, na mkataba wake usiguswe, tunataka uipigie hospitali, sasa, mbele ya mama wa marehemu, uwape jibu la kweli la swali walilokuuliza Septemba. Jeneza halitashuka kabla hujafanya hivyo, nimeongea na wachimbaji, wamekaa, hawana haraka. Ufunguo unao mfukoni. Ulete hapa mbele, umkabidhi mama.